Ya Leo au ya Jana

Kwa miaka 11 nilihesabu bia bila kuionja. Nilikuwa karani wa stoo kwenye depo moja ya bia mjini Kahama, na madereva walinibatiza jina la Mama Stoo. Kila bia niliijua kwa rangi ya kreti lake, kwa kizibo, kwa tarehe ya mwisho wa matumizi iliyopigwa kwenye lebo, na kwa barabara inayoifuata: hii inakwenda Geita, hii Masumbwe na Ushirombo, hii ukiipeleka Nyarugusu utarudi nayo. Ungeniamsha usiku wa manane ukaniuliza Katoro wanakunywa nini, ningekujibu kabla sijatafuta kandambili. Ladha tu ndiyo sikuijua.

Nililelewa na mzee wa kanisa, na kanisa letu halikuwa na mzaha na pombe. Kilichoruhusiwa nyumbani kwetu, kijijini upande wa Solwa, ni togwa. Bibi aliitengeneza kwa mtama uliooteshwa, ukakaushwa juani na kusagwa, kisha akaukoroga ndani ya uji uliopoa kidogo. Ikifika mchana, uji ule mzito ulikuwa umelainika na kuwa mtamu bila sukari hata chembe. Bibi alichota kwa kata, akanywa funda moja yeye mwenyewe, ndipo akampa baba, na baada ya baba sisi watoto. Jua likizama baba alichungulia mtungi. Kilichobaki kilitakiwa kumwagwa, maana togwa iliyolala, alisema, imeshabadili dini. Bibi hakubishana naye. Alibeba mtungi wake akazunguka nyuma ya nyumba, na nilikuwa mtu mzima nilipoanza kujiuliza kama kweli alikuwa anaumwaga.

Bia nilikuja kuionja nikiwa na miaka 43, baba akiwa ameshatangulia na mimi nimeshaacha kazi ya depo. Aliyenipeleka baa ni dereva wetu wa zamani, mzee aliyeendesha malori ya bia tangu enzi za vumbi. Mhudumu akatuuliza swali ambalo mtu wa Dar es Salaam huenda akalishangaa: "Ya moto au ya baridi?" Kwetu ya moto ni ile ambayo haijaingia kwenye friji, basi. Ina joto la chumba, na joto la chumba Kahama mwezi wa kumi si la kuchezea. Mzee akaagiza ya moto. Nikaiga. Nikameza funda moja, uchungu ukapanda hadi masikioni.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakifungia kwa kufuli mbili?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mama Stoo, umeanzia kwenye kugawanya. Anza kwanza na kujumlisha."

Akajipa kazi ya kunifundisha, na kwa kuwa mimi ni mtu wa leja, nikanunua daftari. Nilikusudia kuandika ladha. Lakini kila nilipouliza kwa nini bia fulani inapendwa mahali fulani, nilijibiwa kwa habari za kazi: nani alikuja kulima, nani kuchimba, nani kujenga reli, na alilipwa kwa kitu gani. Daftari likageuka historia bila mimi kupanga.

Jambo la kwanza nililogundua liliniaibisha. Nilidhani stoo yangu ilikuwa na aina kumi za bia. Kumbe zilikuwa mbili. Safari, Kilimanjaro, Castle, Serengeti, Balimi, Tusker, Pilsner, zote hizo ambazo watu wanagombana baa kwa ajili yake ni ukoo mmoja, lager, na tofauti zao ni za ndugu wa tumbo moja. Ya pili ni stout, ile nyeusi. Basi. Na neno lager lenyewe, ambalo nilikuwa nimeliandika mara elfu kwenye hati za kupokelea mzigo, kwa Kijerumani ni ghala. Stoo! Bia hii inatengenezwa kwa hamira inayofanya kazi kwenye ubaridi, halafu inalazwa wiki kadhaa ghalani itulie na kung'aa. Mababu zake ni mapango ya baridi ya Bavaria. Hii ya rangi ya dhahabu tunayoijua ilizaliwa mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, uliopo Cheki ya leo, mpishi wake akiwa Mbavaria aitwaye Josef Groll, na jina la mji huo ndilo lililoko kwenye kila chupa ya Pilsner.

Isingetoka huko ikafika kwenye nchi za joto bila vitu viwili. Kwanza ni mashine za kutengeneza ubaridi, ambazo Carl von Linde aliziunda miaka ya 1870 wakati wenye viwanda vya bia wakiwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Pili ni hamira safi: mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, Emil Hansen alifanikiwa kukuza hamira ya aina moja tu, isiyochanganyika na vijidudu vingine. Nilipomweleza mzee haya aliniangalia kwa huruma. "Wazungu wamehangaika na baridi yote hiyo," akasema, "halafu sisi tunaiagiza ya moto."

Uchungu nao una chanzo chake. Ni maua ya mmea uitwao hopsi, ambao haulimwi kwetu; shayiri ndiyo inalimwa, kule kaskazini, West Kilimanjaro, Monduli na Karatu. Hopsi inaizuia bia isioze na ndiyo inayoipa ile harufu ya majani. Ila haipatani na mwanga. Jua likiipiga, kemikali za hopsi zinavunjika na bia inanuka kama mnyama, na ndiyo sababu chupa nyingi ni za kahawia: rangi hiyo inazuia sehemu kubwa ya mwanga wenye madhara. Natamani ningejua hayo mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilipokea mzigo siku stoo imejaa, nikaamuru makreti 40 ya bia ya chupa za kijani yapangwe uani, yakakaa jua la Kahama siku nne. Zilirudi karibu zote. Mwenye baa mmoja aliniwekea chupa mezani akaniambia ninuse. Nikanusa, lakini mtu asiyejua bia inanukaje ikiwa nzima atasemaje? Nikaandika kwenye ripoti kwamba mteja ni msumbufu. Nilipokuja kuelewa, yule bwana alikuwa ameshafunga baa yake, sikupata pa kumwombea radhi.

Kwa upande wetu wa dunia, hadithi ya lager huanzia Nairobi mwaka 1922, ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walipoanzisha Kenya Breweries. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker kwa kumkumbuka. Lakini Wajerumani walishakuwa na kiwanda cha bia Dar es Salaam kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Na hapa nikuchepushe kidogo. Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu mjini Tabora, za rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Iramba, kusini mwa Shinyanga. Upande mmoja wa sarafu ile kuna tembo, na nyuma yake mlima. Leo tuna bia iitwayo Ndovu na nyingine iitwayo Kilimanjaro. Sisemi kwamba waliochora lebo waliiangalia sarafu. Nasema tu kwamba kila nikiziona chupa mbili hizo zimesimama pamoja kaunta, naikumbuka.

Dar es Salaam ilipata tena kiwanda miaka ya 1930. Reli kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikuwa imekamilika 1928 ikipitia Shinyanga, kwa hiyo njia ya kreti kufika kwetu ilikuwepo. Aliyekosekana ni mnywaji mwenye ruhusa. Mikataba ya wakoloni, ule wa Brussels wa 1890 na ule wa Saint-Germain wa 1919, ilizuia Waafrika wasiuziwe pombe kali za kutoka Ulaya, na kwa miaka mingi ya utawala wa Mwingereza hata bia ya chupa haikuwa kitu cha Mwafrika kujinunulia hivihivi. Guku, babu yangu mzaa mama, alifanya kazi Mwadui, kule ambako John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, alikuta almasi mwaka 1940. Mgodi ule ulikuwa mji ndani ya ua: shule yake, hospitali yake, uwanja wake wa ndege. Mwaka 1947 ilitoka almasi ya waridi ya karati 54.5, ikaenda Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, malkia wa baadaye. Guku hakuiona. Alichokiona, alivyosimulia, ni chupa. Aliziokota zikiwa tupu nyuma ya nyumba za Wazungu akaletea watoto wake za kutekea maji. Mama yangu anasema chupa ya bia ilikuwepo nyumbani kwao miaka mingi kabla mtu yeyote wa nyumba ile hajajua kilichokuwa ndani yake.

Wao walikunywa nini? Walwa, pombe ya mtama au uwele. Na ukitaka kuelewa pombe hiyo, baa haitakusaidia. Nenda shambani. Msukuma mwenye shamba kubwa kuliko mikono yake aliita kikundi cha vijana, elika, waje kulima kwa ngoma. Bugobogobo, ile ngoma ya majembe ambayo sasa inachezwa kwenye majukwaa na mapokezi ya viongozi, ilikuwa kwanza namna ya kulima: ngoma mbele, majembe nyuma, mstari mmoja. Malipo yalikuwa pombe, wakati mwingine na nyama. Kwa hiyo kabla ya siku ya kulima mke wa mwenye shamba alishakuwa kazini karibu wiki nzima. Mtama unalowekwa, unafunikwa uote, unaanikwa, unasagwa. Uji unapikwa, unaachwa uchachuke, unapikwa tena, unatiwa kimea kipya, unalala. Hesabu ikikosewa kwa siku moja, wakulima wanakuta togwa. Ikikosewa kwa siku mbili, wanakuta siki. Mwaka wa ukame, mtama ulipokuwa haba, hakukuwa na pombe, na asiye na pombe alilima peke yake. Wanaume wanapoisimulia desturi hii husema "tuliitana tukalima." Sijasikia mmoja akisema "mke wangu alipika siku saba."

Nilimuuliza mzee kama alishawahi kulipwa pombe. Akasema alishalipwa bia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bia ilikuwa adimu kama sabuni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilikuwa imeingia kwenye umiliki wa kampuni ya bia. Mwaka 1977, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ikazaliwa Safari Lager. Halafu uchumi ukayumba, vipuri na malighafi vikakosekana, na kiwanda kikawa kinatoa kwa matone. Hukupewa bia bila kurudisha chupa tupu. Mzee anasema chupa tupu ilikuwa mali: mtu aliizungushia kitambaa akaibeba kwenye kikapu kama yai. Dereva aliyejua siku lori litakapofika alikuwa mtu wa kuheshimiwa, akaletewa kuku nyumbani. Mwaka 1993 South African Breweries wakaingia ubia na serikali, 1996 zikaja Kilimanjaro na mshindani wake Serengeti, na kuku wakaacha kuja. Mengine ni ya makampuni kununuana, na hayo wapenda hisa watayasimulia vizuri kuliko mimi: Wakenya walichukua sehemu kubwa ya Serengeti mwaka 2010, na tangu 2016 wenye Safari yetu wapo Ubelgiji.

Katika kununuana kote huko mtu mmoja alifikiri vizuri, aliyeipa bia jina la Balimi. Kwa Kisukuma ni wakulima. Simjui, lakini alikuwa ameisoma leja yangu kabla sijaiandika. Pamba huku inauzwa kuanzia katikati ya mwaka. Ndiyo iliyoleta vyama vya ushirika na umoja wao wa Victoria Federation, ulioundwa 1955 chini ya Paul Bomani, na ndiyo iliyomfanya mkulima wa kwetu ashike noti nyingi kwa mara moja. Mwezi wa saba na wa nane Balimi ilitoka stoo kwangu kama maji. Mwezi wa pili, watu wakiwa shambani na ghala zikiwa tupu, makreti yake yalikaa mpaka nikafuta vumbi. Mtu aliyekuwa analipwa pombe kwa kulima alikuwa sasa analima, anauza, ananunua pombe iliyoitwa kwa jina lake.

Castle haikufuata msimu wa pamba. Ilifuata dhahabu.

Hapo nilikaa na daftari muda mrefu. Dhahabu ya Witwatersrand, Johannesburg, ilivumbuliwa 1886. Waliokwenda kuichimba walikuwa na kiu na pesa, na South African Breweries iliundwa mwaka 1895 juu ya kiu hiyo, Castle ikiwa bia yake kuu. Karne moja baadaye bia ileile ikafika Kanda ya Ziwa, na haikupita muda kampuni kutoka Johannesburg ikaja kuchimba Geita, ambako mgodi wa zamani wa mkoloni ulikuwa umefungwa mwaka 1966. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Mkoa wenyewe wa Geita ni wa 2012 tu. Mimi niliajiriwa depo wakati Buzwagi inajengwa, na sikuelewa kwa nini mahesabu ya Castle yalikuwa yanapanda kila wiki bila sababu yoyote ya mvua au mavuno.

Ila migodi mikubwa haikunionyesha sana. Wenye vitambulisho vya kampuni hunywa kwa kiasi, kesho kuna kipimo cha pombe getini. Niliyoyaona niliyaona kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, nilipopanda na lori kwenda kuhakiki chupa tupu. Kwenye kaunta ya baa, kando ya kifungulio, kulikuwa na mzani mdogo wa dhahabu. (Tangu masoko ya madini yaanze 2019, la Geita likiwa la kwanza nchini, mizani ya namna hiyo haikai tena hadharani.) Ilikuwa saa nne asubuhi. Wakaingia vijana sita, weupe kwa vumbi la mawe kuanzia kope hadi kucha. Hao ndio wanaoitwa nyoka, wanaotambaa chini kabisa ya duara, yaani shimo la dhahabu. Nyuma yao mwenye duara, shati safi. Hakuagiza bia sita. Aliagiza meza ijae. Mhudumu akapanga chupa zikagusana, mtu hawezi kupata pa kuweka kiwiko, na zote akazifungua kwa mkupuo: pah, pah, pah. Zikiisha haziondolewi. Zinabaki mezani ili bili ihesabike na ili anayepita aone. Nilihesabu chupa 47, ni ugonjwa wa kazi. Mmoja wa nyoka wale, kijana mdogo, alishika chupa yake kwa mikono miwili na kuibandika shavuni, ilikuwa ya baridi. Aliiacha hapo muda mrefu kabla ya kuinywa.

"Ukiona bia mezani, duara limetoa," mzee aliniambia tukirudi. "Lisipotoa, hao hao utawakuta kwa mama wa gongo."

Gongo ina sheria yake ya 1966 inayoipiga marufuku, na inaendelea kana kwamba haijaisoma. Sikuiandika kwenye daftari. Nilishaona macho ya watu wawili walioinywa.

Stout ndiyo iliyonipata. Mzee aliiacha mwisho akidhani itanishinda. Guinness inapikwa Dublin tangu 1759, na hii kali tunayokunywa Afrika inatokana na ile iliyoanza 1801 kwa ajili ya visiwa vya Karibi, ikitiwa hopsi na kilevi zaidi ili ivumilie miezi ya bahari na joto. Kwa hiyo kuinywa ya moto si ushamba, imetengenezwa ikijua inakokwenda. Weusi wake ni wa shayiri iliyokaangwa kama kahawa. Nilipoionja nilifumba macho, kwa sababu nilishawahi kuwa na ladha ile mdomoni: ni ukoko wa ugali wa mtama ulioungua chini ya sufuria, ule ambao bibi alitubandulia kwa kijiko cha chuma tukaugombania. Tangu siku hiyo nikikaa baa naagiza nyeusi, ya moto. Kina mama wa meza ya pili huniambia nimefanya vizuri, inaongeza damu. Nimeisoma lebo yake miaka 11, damu haimo.

Lakini ukoko ule ulinirudisha kwa mtama, na hilo ndilo lililonipeleka kwenye vilabu. Viwanda vyenyewe vilishaanza kurudi huko. Uganda tangu 2002 wana Eagle, lager ya mtama, na hapa kwetu kodi ya bia ya nafaka za ndani zisizo kimea imekuwa nafuu kuliko ya bia ya kimea. Kibuku nayo, ile inayotikiswa kabla ya kunywewa, ni pombe ya nafaka iliyoingizwa kiwandani, na inasimuliwa ilianzia kwa wachimbaji wa shaba wa Kitwe, Zambia, miaka ya 1950, mpishi wake Mjerumani Max Heinrich akiandika maoni ya wateja kwenye kitabu. Ndiyo maana ya jina. Wachimbaji tena. Nilipoandika hilo nilipigia mstari mara mbili.

Kilabu nilichokwenda kiko pembeni mwa mji wa Shinyanga, upande wa Kizumbi. Nilifika asubuhi, kabla ya wanywaji, kwa sababu nilitaka kuona ikichujwa.

"Mwangaluka mayu."

"Mwangaluka. Karibu mwanangu, kaa kwenye debe hilo."

Mayu, yaani mama, mwenye kilabu, alikuwa na miaka sabini hivi, mwenye mikono ya mtu wa thelathini. Chini ya mwembe kulikuwa na turubai, juu yake mtama unaota chini ya magunia yenye unyevu. Alinifunulia: kila punje imetoa mzizi mweupe, zimeshikana kama nywele za kichwani. Akaingiza mkono katikati akaniambia niingize wangu. Mlikuwa na joto kama chini ya kuku anayeatamia. "Ukisikia moto hivi, kesho unaanika. Ukichelewa, unaota jani, utamu wote unakwenda kwenye jani." Sikuwa nimewahi kushika bia ikiwa hai.

Maji anapata bombani. Zamani, alisema, ilikuwa kisima, na pombe ya kisima ilikuwa na chumvichumvi ambayo wazee wengine bado wanaililia. Tangu 2009 Shinyanga na Kahama zinapata maji ya Ziwa Victoria kutoka chanzo cha Ihelele. Shida yake ni kuni. Pipa moja linapikwa mara mbili, na Shinyanga ni ile ambayo serikali ilianza kuipandia miti upya mwaka 1986 chini ya mradi wa HASHI, baada ya kuwa karibu jangwa. Watu wakarudisha ngitili, malisho ya akiba yanayofungwa miti ikue. Yeye ana ngitili ya marehemu mumewe na hukata matawi tu, shina haligusi. Wenzake wasio nayo wananunua mkaa, na faida inaishia kwenye gunia.

Kisha akachuja. Mfuko wa sandarusi ulioning'inizwa kwenye fito anautia ndoo nzima ya kitu kizito cha rangi ya matofali, anaukamua kwa viganja kuanzia juu kwenda chini kama anakamua ng'ombe. Povu likatoka kwanza, halafu pombe yenyewe, ya waridi, nzito kidogo kuliko maziwa. Machicha akayatupia nguruwe wa jirani bila kuangalia. Harufu ilikuwa ya mkate na ya ndimu. Nikamuuliza, kwa lugha yangu ya stoo, ina aina ngapi.

"Tatu."

Nikafungua daftari. Nilitegemea ataje mtama, uwele, mahindi. Au kangara na wanzuki, zile za asali wanazopenda watu wa Tabora.

"Ya leo, ya jana na ya juzi," akasema. "Ya leo tamu, hiyo ya watoto na walokole. Ya juzi chachu, nawapa waliozoea. Wewe unataka ipi?"

Miaka 11 niligonga mihuri kwenye bia ambazo tarehe yake ya mwisho ilikuwa miezi mbele. Nikafunga daftari.

"Ya jana, mayu."

Akachota kwa kopo la lita, akapuliza povu pembeni, akanywa funda moja yeye mwenyewe, ndipo akanipa.